MFICHA MARADHI

Masomo: Mwanzo 32:22–32, Zaburi 32:1–5

Ndugu zangu wapendwa katika Kristo,

Wengi wenu mlikuwapo kanisani Jumapili ile ya tatu ya Kwaresima, nanyi mliona kwa macho yenu yaliyonipata. Nilikuwa nimekwisha kuwashirikisha safu mbili za watu, nikawa nashuka ngazi na kikombe mkononi, mara macho yakaingia giza na magoti yakalegea. Divai ikamwagika. Kama mzee wa kanisa aliyekuwa karibu asingenidaka, ningalianguka chini pamoja na kikombe kitakatifu.

Baada ya ibada mlinizunguka kwa upendo, mkaniuliza nina nini. Nikawajibu ya kuwa ni joto tu, tena nilikuwa nimefunga. Basi leo nataka kuanza barua hii kwa kuungama mbele yenu. Halikuwa joto, wala si kufunga. Nilikuwa nimejua kwa muda wa miaka miwili kwamba nina ugonjwa wa presha. Daktari alinipa vidonge, nami nikavitia katika sanduku la vitabu vyangu, nikivimeza siku nikikumbuka, na siku nyingine nisivimeze kabisa. Mke wangu sikumwambia. Wazee wa kanisa sikuwaambia. Baba Askofu nilipokuwa naye ana kwa ana akaniuliza habari za afya yangu, nikamjibu, "Namshukuru Mungu, sijambo." Niliogopa kwamba nikisema kweli nitaondolewa katika mtaa huu ninaoupenda, niwekwe kando kama jembe lililovunjika mpini.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio kilinifichua nikiwa na kikombe mkononi.

Daktari aliniamuru nikae nyumbani majuma sita. Katika majuma hayo mjukuu wangu, aliye kidato cha pili, ndiye aliyekuwa mwenzangu wa jioni. Kijana huyu anapenda sana kutazama mieleka ya Wamarekani katika televisheni. Siku zote nilikuwa nikimgombeza, lakini mgonjwa hana pa kwenda, nikakaa naye. Siku moja nikamwuliza, "Mjukuu wangu, haya si maigizo tu? Si wamekwisha kupatana nani atashinda?" Akanijibu, "Ndiyo, Babu, wamepatana nani ashinde. Lakini hawakupatana na sakafu."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Ndivyo ilivyo mieleka ya kulipwa. Mshindi huamuliwa kabla ya watu hawajaingia ulingoni, lakini mwili unaotupwa ni mwili kweli, na chini ya ule mkeka mwembamba kuna mbao na vyuma. Akaanza kunisimulia habari za mtu mmoja aitwaye Bryan Danielson, nami nikazidi kumwuliza na kutafuta habari zake mpaka nikaona ya kuwa mtu huyu ananihubiri mimi. Simleti kwenu kama mtakatifu. Namleta kama mtu aliyeficha, kisha akasema.

Bwana Danielson alizaliwa tarehe 22 Mei 1981 katika mji wa Aberdeen, jimbo la Washington, upande wa magharibi wa Marekani, mji uliojulikana kwa kazi ya magogo na mbao. Alipomaliza shule ya sekondari mwaka 1999 hakwenda chuo kikuu. Alikwenda mbali mpaka San Antonio, Texas, kwenye shule ya bingwa wa zamani Shawn Michaels, kujifunza mieleka. Kwa watu wa kazi ile hakuwa mtu mkubwa. Wenzake wengi walimzidi urefu na uzito. Mwaka huohuo wa 1999 akaanza kupigana mbele ya watu.

Kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani ilimchukua kama mwanafunzi, kisha mwaka 2001 ikamwacha. Hapo ndipo ilipoanza safari yake ndefu ya vikundi vidogo vidogo vinavyojitegemea, ambavyo hupigana katika kumbi ndogo, wakati mwingine mbele ya watu mia chache tu, kwa malipo madogo. Tarehe 23 Februari 2002, mjini Philadelphia, kampuni mpya iitwayo Ring of Honor ilipofanya onyesho lake la kwanza kabisa, yeye alikuwa mmoja wa watatu waliopigana pambano la mwisho. Alikwenda Japani, akapigana kwa jina la American Dragon. Mwaka 2003 alikwenda Uingereza, akajifunza namna yao ya zamani ya kukamata na kufunga viungo. Kila nchi aliyofika alikaa kama mwanafunzi. Ubingwa wa Ring of Honor aliupata mwezi Septemba 2005, akaushika mpaka Desemba 2006, zaidi ya mwaka mzima.

Lakini sikieni jambo hili. Mwezi Agosti 2006 bega lake liliumia vibaya katikati ya pambano. Hakuacha, akamaliza, na majuma machache baadaye akapigana tena na bega lilelile. Mwaka 2007 alipokuwa akipigana na Mjapani mkubwa Takeshi Morishima alipigwa jichoni, hata ule utando wa ndani ya jicho ukabanduka. Vilevile hakuacha, akamaliza pambano. Watu wakampigia makofi, wakamwita shujaa.

Wapendwa, nilipofika hapo nilitikisa kichwa, kwa maana nilijikumbuka mwenyewe. Mvua ya masika nilikwenda kwa pikipiki mpaka kanisa la mwisho la mtaa wetu, kichwa kikigonga kama nyundo, na Wakristo wakasema, "Kasisi wetu ni simba." Sifa hiyo ilinipendeza kuliko vidonge. Makofi ya watu ni dawa ya kulevya. Humfanya mtu aone kwamba kusema "naumwa" ni aibu.

Mwaka 2010 Danielson alipokewa tena na ile kampuni kubwa, WWE, ambako alipigana kwa jina la Daniel Bryan. Watu walimpenda mno. Tarehe 6 Aprili 2014, katika uwanja mkubwa wenye paa mjini New Orleans, alipigana mara mbili usiku mmoja na kutwaa ubingwa wa dunia wa kampuni ile. Tarehe 11 Aprili alifunga ndoa. Tarehe 21 Aprili baba yake mzazi akafariki. Mwezi Mei akafanyiwa operesheni ya shingo, na mwezi Juni ubingwa ukaondolewa kwake kwa sababu ya ugonjwa. Furaha yote na msiba wote viliingia katika majuma machache. Mwaka 2015 alirudi, akatwaa ubingwa mwingine, nao pia akauacha baada ya muda mfupi kwa ajili ya afya.

Sasa jeraha halikuwa bega wala jicho. Lilikuwa kichwani. Mtu akianguka vibaya au akipigwa kichwani, ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Mara moja huweza kupona. Mara nyingi, mwaka baada ya mwaka, ubongo huchoka. Kwa nje huoni donda wala uvimbe, ndiyo maana ni rahisi kulificha. Danielson alieleza baadaye ya kuwa alipata hata mishtuko kama ya kifafa, naye kwa muda hakuiweka wazi, kwa kuwa alijua akisema atazuiwa asipigane.

Tarehe 8 Februari 2016 alisimama ulingoni mjini Seattle, katika jimbo lake la kuzaliwa, mbele ya watu wa kwao. Hakuja kupigana. Alikuja kusema. Akawaambia kwamba katika miezi mitano ya kwanza ya kazi yake alikuwa amekwisha kupata mitikisiko mitatu ya ubongo, na kwamba katika miaka kumi na sita iliongezeka ikawa mingi. Akasema kipimo cha karibuni kilionyesha ya kuwa ubongo wake si mzima kama alivyodhani, kwa hiyo anaacha kazi aliyoipenda tangu utoto. Tena akarudia mara nyingi neno moja, kwamba anashukuru. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Mjukuu wangu alinionyesha picha za usiku ule. Mtu mzima analia mbele ya maelfu ya watu, na watu wanalia pamoja naye. Nikainuka nikaenda kwenye sanduku la vitabu, nikavitoa vile vidonge, nikavileta mezani mbele ya mke wangu. Miaka miwili ya kuficha ikaisha kwa hatua kumi za miguu.

Basi, ndugu zangu, Maandiko yatufundisha nini? Nitasema mambo matatu.

Kwanza, baraka humjia mtu aliyetaja jina lake la kweli. Someni tena habari za Yakobo katika kivuko cha Yaboki. Huyu naye alipigana mweleka, usiku kucha, mpaka alfajiri. Huwa tunasifu nguvu zake za kung'ang'ania. Lakini angalieni aliloulizwa kabla ya kubarikiwa. Aliulizwa jina lake. Miaka mingi nyuma, katika sura ya 27, baba yake kipofu alimwuliza vivyo hivyo yeye ni nani, naye akajibu kwamba ni Esau. Alipata baraka kwa jina la uongo, nayo ikamfanya mkimbizi. Safari hii alisema, Yakobo. Alijitaja kwa jina lile lile ambalo ndugu yake alilifananisha na udanganyifu. Ndipo akapewa jina jipya, ndipo akabarikiwa. Mungu hawezi kumbariki yule mtu tunayejifanya kuwa, kwa sababu mtu huyo hayuko.

Tena alitoka pale akichechemea. Jua likamzukia, naye anachechemea. Biblia haikuificha nyonga yake. Wana wa Israeli walikumbuka nyonga ile hata katika chakula chao. Zaburi ya 32 nayo inasema habari za mtu aliyenyamaza hata mifupa yake ikachakaa. Alipokiri, mzigo ukaondolewa. Mimi nilikuwa nikiihubiri Zaburi hiyo kama habari ya dhambi peke yake. Sasa naona kwamba dhambi na ugonjwa, vikifichwa, hukaa katika chumba kimoja.

Pili, anayemshika mwenzake ana wajibu wa kumlinda. Hili ni jambo ambalo sikulijua kabla ya majuma haya. Katika mieleka ya kulipwa, mtu anapoinuliwa juu kichwa chini miguu juu, shingo yake iko mikononi mwa mpinzani wake. Kazi ya kwanza ya yule anayemtupa ni kuhakikisha kwamba mwenzake anafika chini salama. Watu wanaona maadui. Kumbe ni watu wawili waliokabidhiana uhai wao. Asiyejua kumlinda mwenzake, wenzake hukataa kupigana naye.

Je, sisi tulio Wakristo hatupaswi kuwazidi hao? Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anamwagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, na watu waungamiane na kuombeana. Lakini ni nani atakayeungama mahali ambapo siri yake itafika kisimani kabla ya kuchwa kwa jua? Ninyi mnajua ninalosema. Katika mtaa huu yuko mama aliyeona uvimbe katika titi lake akanyamaza, kwa kuogopa midomo ya watu kuliko alivyoogopa uvimbe. Wako wanaume wenye presha na sukari ambao dawa zao zimefichwa kama zilivyofichwa zangu. Yuko baba mwenye deni asilolijua mkewe. Yuko kijana ambaye chupa imemshika, naye huimba kwaya. Hawa wote wameinuliwa juu hewani, na shingo zao ziko mikononi mwetu. Akikuambia siri yake, umemshika. Usimwangushe.

Nawaomba hasa wazee wa kanisa, na akina mama wanaotembelea wagonjwa: msiulize "hujambo" kwa namna inayomlazimisha mtu kujibu "sijambo". Kaeni. Mwache mtu apate nafasi ya kusema jambo la pili.

Tatu, kuna wakati wa kuweka chini, na kuweka chini nako ni utumishi. Habari za Danielson hazikuishia Seattle. Kwa miaka miwili alikwenda kwa madaktari bingwa, akapimwa na kupimwa tena, na mwezi Machi 2018 akaruhusiwa kurudi. Tarehe 8 Aprili 2018 alipigana tena katika uwanja uleule wa New Orleans. Hapa nataka mniangalie vema. Sisemi kwamba kila akirie kweli atarudishiwa alichokipoteza. Wapo waliosema kweli na kazi wakaipoteza kabisa. Mimi sijui kama nitapanda tena pikipiki mpaka kanisa la mwisho. Tunasema kweli kwa sababu ni kweli, si kwa sababu inalipa.

Tazama alivyotumia muda aliopewa. Tarehe 7 Aprili 2019, akiwa tena bingwa wa dunia, alishindwa na Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, mwenzetu Mwafrika, ambaye alikuwa ameitumikia kampuni ile zaidi ya miaka kumi na moja bila kupata ubingwa ule. Nimekwisha kusema kwamba mshindi huamuliwa kabla. Basi kushindwa vizuri, kwa bidii yote, ili mwenzako ainuliwe mbele ya watu, hiyo ni kazi ya mtu aliyekomaa. Ubingwa wa Kofi usingekuwa na uzito kama aliyeshindwa angelegeza mikono. Yohana Mbatizaji alijua jambo hilo aliposema habari za kupungua kwake na kuzidi kwa Bwana.

Mwaka 2021 alihamia kampuni nyingine, AEW. Mwezi Agosti 2024, katika uwanja wa Wembley mjini London, alitwaa ubingwa wa kampuni hiyo; na tarehe 12 Oktoba 2024, mjini Tacoma, tena katika jimbo lake la Washington, akashindwa na Jon Moxley, na kwa pambano hilo akafunga kazi yake ya kila juma. Alikuwa amekwisha kusema mapema kwamba binti yake akitimiza miaka saba anataka kukaa nyumbani. Mara ya kwanza aliweka chini kwa kulazimishwa na mwili, akilia. Mara ya pili alikuwa amekwisha kujua njia, akaweka chini kwa hiari yake.

Ndugu zangu, sisi watumishi wa Kanisa tu wagumu wa kuweka chini. Mwenyekiti wa kamati hushika kiti mpaka kiti kinamwogopa. Katekista ambaye macho hayaoni tena maandishi husoma somo kwa kichwa, na sisi tunaitika "Neno la Bwana" kwa huruma. Kasisi wenu alishika kikombe mpaka kikamwagika. Kazi ya Mungu haikuanza na sisi. Tukiikabidhi kwa mikono miwili, haitaanguka. Tukiing'ang'ania kwa mkono mmoja unaotetemeka, ndipo itakapoanguka.

Kwa hiyo nawaarifu yafuatayo. Nimemwandikia Baba Askofu kweli yote, naye amenijibu kwa upole nisioustahili. Makanisa mawili ya mbali yataongozwa na makatekista, nami nitafika huko mara moja kwa mwezi kwa Ushirika Mtakatifu, nikipelekwa kwa gari. Kikombe kitashikwa na msaidizi aliyepewa ruhusa, nami nitatoa mkate tu. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, muuguzi mmoja wa mtaa wetu ataweka meza barazani pa kanisa, kupima presha kwa kila apendaye. Mtu wa kwanza kukunja mkono wa shati ni mimi. Nitafurahi nikiona foleni nyuma yangu, na wanaume wakiwamo.

Tena wale wenye maradhi yasiyopimwa kwa mashine, mlango wangu u wazi kila Jumatano jioni. Nitakaa, nitasikiliza, na siri yako itakufa pamoja nami.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, ambaye mbele zako mioyo yote iko wazi: utuondolee aibu inayotuua. Utupe ujasiri wa kukutajia jina letu la kweli, kama mtumishi wako Yakobo. Utufanye watu wa kuaminika, tusimwangushe ndugu aliyejiweka mikononi mwetu. Na siku ya kuweka chini ikifika, utujalie kuweka chini kwa shukrani, tukichechemea kama ni lazima, lakini tukiwa tumebarikiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Bwana,
Kasisi wa Mtaa